LDM kwenye klasta ya seva mbili: dalili, sababu na tiba

LDM, programu ya Unidata ya kusambaza data za hali ya hewa, haijui kama iko ndani ya klasta, yaani seva mbili zinazopokezana huduma moja. Pacemaker, programu inayosimamia huduma za klasta, nayo haijui LDM inafanya nini. Inachojua ni kuianzisha, kuisimamisha na kuiuliza kama iko hai. Hitilafu nyingi zinazoripotiwa hutokea hapo katikati: kitu ambacho LDM inakichukulia kuwa ni cha mashine moja, klasta inakihamisha, au inakiacha nyuma.

Mpangilio unaozungumziwa hapa ndio ulio wa kawaida: nodi mbili za Linux, tuziite A na B, zenye Corosync (mawasiliano kati ya nodi) na Pacemaker, anwani moja ya IP inayohama, diski ya pamoja au DRBD (inayonakili diski ya nodi moja kwenda nyingine kupitia mtandao), na LDM juu yake. Kwenye mifano, chanzo ni seva inayokupa data, na wapokeaji ni wale unaowapelekea.

Kabla ya kugusa chochote

Ingia kwenye nodi zote mbili na uendeshe `pcs status` kila upande. Majibu yakitofautiana, yaani A inasema B imekufa na B inasema A imekufa, usiendelee na dalili nyingine yoyote. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya 7.

Yakifanana, hifadhi matokeo hayo kwenye faili pamoja na mistari ya mwisho ya `ldmd.log` ya kila nodi. Watu wana haraka ya kuandika `pcs resource cleanup`, na amri hiyo hufuta historia ya hitilafu uliyokuwa unaitafuta. Baada ya hapo tazama vitu viwili vya haraka: `df -h` (nafasi ya diski) na `chronyc tracking` (usahihi wa saa). Diski iliyojaa na saa iliyopotea hujificha nyuma ya karibu kila dalili iliyomo humu.

Na ukitaka kufanya kazi kwa mkono, iambie klasta kwanza: `pcs property set maintenance-mode=true`. Ukimaliza, irudishe `false`.

Dalili ya 1: Huduma imehamia B, LDM iko hai, lakini data haiingii

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko. Sababu yake ya kwanza haiko kwako, iko kwenye orodha ya ruhusa ya chanzo. Anwani inayohama huwasaidia wapokeaji wakupate wewe. LDM ya B inapopiga simu kwenda kwa chanzo, kwa kawaida hutoka na anwani ya B yenyewe, wala si ile inayohama. Chanzo kimeandika `ALLOW` kwa jina la A au la huduma, kinamwona mgeni, kinamfungia mlango.

Kipimo ni kimoja. Ukiwa B, kwa mtumiaji `ldm`:

`notifyme -vl- -f ANY -o 3600 -h ldm.chanzo.example`

Ukipata `OK` kisha orodha ya bidhaa (vipande vya data ambavyo LDM husambaza), ruhusa ipo na tatizo liko mbele zaidi. Ukipata `7: Access denied by remote server`, ruhusa haipo. Ukipata kimya mpaka muda unaisha, ni ukutamoto au njia ya mtandao. Endesha amri ileile kutoka A uone tofauti.

Tiba ni kumwandikia msimamizi wa chanzo aruhusu majina yote, kwa mstari kama huu kwenye `ldmd.conf` yake:

`ALLOW ANY ^ldm[ab]?\.mfano\.example$`

Hakikisha pia DNS ya kinyume (inayogeuza anwani kuwa jina) ya nodi zote mbili inatoa majina hayohayo, kwa sababu LDM ya chanzo huanza na anwani iliyoiona na kutafuta jina lake. Njia nyingine ni kuongeza rasilimali (kitu ambacho Pacemaker inakisimamia) ya `IPsrcaddr` kwenye klasta ili B itoke na anwani inayohama. Inafanya kazi, lakini mimi napendelea ruhusa ya nodi zote mbili: inakuwezesha kuijaribu B siku ya kawaida, ikiwa haina huduma, badala ya kungoja usiku wa balaa.

Sababu zinazofuata, kwa uzito wake:

Ukutamoto wa B haujafunguliwa kwa poti 388, ambayo LDM huitumia. `nc -vz ldm.chanzo.example 388` itakuambia mara moja. Kumbuka pande mbili: kutoka kwenda kwa chanzo, na kuingia kwa wapokeaji.

`ldmd.conf` ya B ni ya zamani. Mtu aliongeza mstari wa `REQUEST` (unaoomba data) kwenye A miezi kadhaa nyuma, akaridhika. Linganisha kwa `diff`, pamoja na `pqact.conf` (maagizo ya `pqact`, sehemu ya LDM inayoshughulikia bidhaa zilizopokewa) na `registry.xml`.

Saa ya B iko nje. LDM huamua iombe data kuanzia lini kwa kutazama saa ya mashine, na huitumia kupima umri wa bidhaa. Nodi ambayo saa yake iko mbele kwa zaidi ya saa nzima inaweza kuona kila bidhaa inayofika kuwa imechakaa. Rekebisha chrony kwanza, kisha anzisha LDM upya.

Dalili ya 2: Nodi ilizimika ghafla, sasa LDM inakataa kuanza

Anza na faili la PID. Likibaki kutoka maisha yaliyopita, hasa kama liko kwenye diski inayohama, LDM itaamini kuna mwenzake anaendesha. Hakikisha kwa `ps -u ldm` kwamba kweli hakuna, kwenye nodi zote mbili, ndipo uendeshe `ldmadmin clean`.

Ikiwa bado inagoma, ni foleni ya bidhaa. Foleni ni faili moja kubwa la diski linaloakisiwa kwenye kumbukumbu, na ndani yake kuna hesabu ya waandishi walioifungua. Umeme ukikatika, hesabu hiyo haishuki hadi sifuri. `pqcheck` italalamika kuhusu `writer-counter`. Kama unahitaji kuokoa kilichomo, ihakiki kwanza kisha uirudishe hesabu kwenye sifuri, ukiweka njia ya foleni yako:

`pqcat -l- -s -q /njia/ldm.pq && pqcheck -F -q /njia/ldm.pq`

`pqcat` ikishindwa, foleni imeharibika na hakuna cha kubembeleza:

`ldmadmin delqueue && ldmadmin mkqueue`

Huo si msiba. Foleni ni ya kupitishia tu, na LDM ikianza itaomba tena saa nzima iliyopita kama mipangilio ya awali haijabadilishwa. Kinachofuata ni dalili ya 5, kwa hiyo isome kabla ya kuanzisha.

Halafu kuna kosa la baada ya kusasisha toleo. Poti 388 iko chini ya 1024, ambako kwa kawaida ni `root` tu anayeruhusiwa, kwa hiyo `ldmd` lazima imilikiwe na `root` na iwe na alama ya setuid (inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake). Tazama kwa `ls -l ~ldm/bin/ldmd`. Unatafuta herufi `s` kwenye `-rwsr-xr-x`. Ukikuta `x` mahali pa `s`, mtu alisakinisha bila kumalizia hatua ya `root` (`make root_actions`). Kwa kawaida A imefanyiwa na B imesahaulika, na haijulikani mpaka siku ya kuhama.

Mwisho, namba ya mtumiaji. Ikiwa `ldm` ni 1001 kwenye A na 1004 kwenye B, mafaili yote ya diski ya pamoja yatakuwa ya mtu mwingine pindi yakifika B. `id ldm` kwenye kila nodi inamaliza ubishi.

Dalili ya 3: Kila ukihamisha huduma kwa hiari, nodi inayoachia inazimwa kwa nguvu

Unaandika `pcs node standby a`, unategemea uhamisho wa taratibu, na ghafla A inajiwasha upya. Watu hudhani ni maunzi. Karibu kila mara ni muda wa kusubiri.

Pacemaker, usipoiambia vingine, huipa kila operesheni sekunde 20. `ldmadmin stop` husubiri prosesi ndogo za LDM zimalize: `pqact` inafunga mafaili, na programu ambazo `pqact` huzilisha bidhaa kwa kitendo cha `PIPE` zinameza zilichobakiza. Kwenye seva yenye shughuli, sekunde 20 zinapita. Kwa Pacemaker, rasilimali iliyoshindwa kusimama ni hatari, kwa sababu haiwezi kuianzisha upande wa pili ikiwa huku haijulikani kama imekufa. Kwa hiyo inatumia STONITH, njia ya klasta ya kuzima nodi kwa nguvu, na kuizima nodi nzima. Imefanya sawasawa, uliyeipa muda mdogo ni wewe.

Pima kwanza: klasta ikiwa kwenye hali ya matengenezo, endesha `time ldmadmin stop` saa ya msongamano. Chukua jibu, lizidishe mara mbili au tatu, kisha:

`pcs resource update ldm op stop timeout=180s`

Ikiwa hata dakika tatu hazitoshi, tafuta prosesi iliyokwama. `ps -eo pid,stat,cmd` ikionyesha `D` kwenye prosesi za `ldm`, inasubiri diski, na hakuna muda wa kusubiri utakaoiponya. Chunguza `dmesg`. Ukiona makosa ya kusoma au kuandika diski, acha hapo na umwite mtu wa hifadhi ya data.

Dalili ya 4: Huduma inarukaruka, A kwenda B, B kurudi A

Sababu ya kwanza ni mkono wa mtu. Kuna aliyeendesha `ldmadmin restart` bila kuweka hali ya matengenezo. Klasta ikauliza hali katikati ya restart, ikakuta imekufa, ikachukua hatua.

Ya pili ni skripti ambayo klasta huitumia kuiuliza LDM hali yake, ikijibu vibaya. `ldmadmin isrunning` hutoa 0 ikiwa LDM iko hai na namba nyingine ikiwa haiko. Pacemaker inataka zaidi ya hapo, kulingana na kiwango cha skripti, OCF au LSB: wakala wa OCF lazima ajibu 7 kwa "imesimama salama", na skripti ya LSB lazima ijibu 3. Ukiipitisha 1 jinsi ilivyo, klasta inapoichungulia B inasoma "iko hapa na imeharibika". Inahitimisha kwamba LDM iko sehemu mbili, inasimamisha zote, inaanza upya. Kipimo ni kuiendesha skripti kwa mkono kwenye nodi isiyo na LDM na kusoma `echo $?`.

Ya tatu inatoka kwa watu makini, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Wanaweka ndani ya ukaguzi sharti la upya wa data: ikiwa hakuna bidhaa iliyoingia kwa dakika 10, hesabu kuwa LDM imekufa. Chanzo kikinyamaza, A inatangazwa mgonjwa, huduma inakwenda B. B nayo haipati kitu, kwa sababu chanzo ni kilekile, na inarudi A. Mwisho wake rasilimali imefikia kikomo cha makosa kwenye nodi zote na hakuna LDM popote, hata chanzo kitakapoamka. Ukaguzi wa klasta uulize kama LDM iko hai, basi. Upya wa data mpe binadamu kwa ujumbe wa simu.

Nyingine ni vikwazo vilivyosahaulika. `pcs constraint` ikionyesha vitu vinavyoanza na `cli-prefer` au `cli-ban`, ni mabaki ya uhamisho wa mkono; `pcs resource clear ldm` huviondoa. Na weka `resource-stickiness` ili huduma isikimbilie kurudi A kila A inapoamka.

Dalili ya 5: Baada ya kuhama, data ni mara mbili au kuna pengo

Hapa lazima ujue ni kipi kinahama na kipi kinabaki, maana LDM ina kumbukumbu za aina tatu. Kuna foleni, ambayo kwa saini ya MD5 ya kila bidhaa huzuia ile iliyokwishaingia isiingie tena. Kuna mafaili yanayoishia na `.state`, ambamo `pqact` huandika imefika wapi. Na kuna mafaili yaliyofichwa yanayoishia na `.info`, yenye kumbukumbu ya bidhaa ya mwisho kupokewa kutoka kwa kila chanzo.

Foleni ikibaki A, B inaanza na foleni tupu au ya zamani. Inaomba saa nzima iliyopita, inapokea upya, na `pqact` inafanya kazi ambayo A ilishaifanya. Kitendo cha `FILE` huongeza mwishoni mwa faili lililopo. Kwa hiyo kwenye diski ya pamoja utakuta ripoti zilezile mara mbili ndani ya faili moja, na faili la picha lenye ukubwa maradufu ambalo hakuna programu itakayolifungua. Kwa bidhaa zinazokaa faili zima peke yake, weka `-overwrite` kwenye mstari wa `FILE` na tatizo linakwisha. Kwa ripoti za maandishi zinazokusanywa, shughulika na marudio kwenye programu inayosoma.

Pengo lina sababu yake nyingine: huduma ilikaa chini kwa muda mrefu kuliko uwezo wa foleni ya chanzo, au mrefu kuliko `max-latency`. Angalia kwa `regutil /server/max-latency`. Kuongeza namba upande wako hakusaidii kama chanzo chenyewe kimeshafuta.

Wengi hujibu yote haya kwa kuiweka foleni kwenye DRBD. Inawezekana, ila kila baiti inayopita sasa inaandikwa mara mbili, mara moja ikiwa kupitia mtandao, kwa ajili ya kulinda kitu ambacho kesho hakina thamani. Usiiweke kwenye NFS (diski ya mtandaoni) hata kwa majaribio.

Njia ninayoiona bora, pale chanzo kinaporuhusu miunganisho miwili: acha LDM iendeshe kwenye nodi zote mbili muda wote, kila moja na foleni yake kwenye diski ya ndani, kila moja ikiomba data yenyewe. Klasta ihamishe anwani ya IP tu, pamoja na `pqact` inayoandika kwenye diski ya pamoja. Wapokeaji wakiunganishwa upya wanakuta foleni ya B imejaa tayari, na marudio yanazuiwa kwenye foleni zao. LDM ilibuniwa ikiwa na uwezo huo; klasta iliyopangwa vibaya ndiyo inayoinyang'anya.

Dalili ya 6: B inapokea vizuri, wapokeaji hawapati kitu

Subiri dakika chache kwanza. Muunganisho wa TCP kwa nodi iliyokufa haukatiki papo hapo; mpokeaji anangoja mpaka atambue kimya.

Wasiporudi, shuku jedwali la ARP (linalounganisha anwani ya IP na kadi ya mtandao) kwenye ruta au swichi, bado linaielekeza anwani kwenye kadi ya A. `IPaddr2`, rasilimali inayohamisha anwani, hutangaza mabadiliko yenyewe, lakini vifaa vingine hupuuza. Kutoka B kama `root`:

`arping -U -c 3 -I eth0 192.0.2.20`

Ikipona hapo, zungumza na mtu wa mtandao. Kwenye mashine pepe na wingu, mfumo wenyewe mara nyingi hukataa anwani isiyosajiliwa kwenye kadi hiyo, na hakuna utakachofanya ndani ya Linux. Ni mipangilio ya msimamizi wa jukwaa.

Diski ya B kujaa siku chache baada ya kuhama ni jamaa wa karibu. Amri ya `ldmadmin scour` inayofuta data za zamani iko kwenye cron (kipangaji cha kazi za muda maalumu cha kila mashine), na cron haihami. Iweke kwenye nodi zote, ikiwa na sharti la kuangalia kama diski imepachikwa. Na kama `du` na `df` hazikubaliani kwenye diski ya mfumo, LDM iliwahi kuanza kabla diski ya data haijapachikwa, ikaandika ndani ya saraka tupu. Mafaili hayo sasa yamefunikwa chini. Panga kundi liwe: diski, anwani, kisha LDM.

Dalili ya 7: Kila nodi inajiona ndiyo kuu

Hapa punguza mikono. Sababu ya kawaida ni kebo au swichi ya mawasiliano ya Corosync, kisha ukutamoto ulioziba UDP 5405 baada ya kusasishwa. `corosync-cfgtool -s` na `pcs quorum status` zitaonyesha. Nodi hazikupaswa kufika hapa ikiwa STONITH inafanya kazi, kwa hiyo mara nyingi utakuta `stonith-enabled=false`, iliyowekwa na mtu aliyechoshwa na dalili ya 3.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha LDM kwenye nodi moja na kuondoa diski upande huo. Mfumo wa mafaili wa ext4 au XFS uliopachikwa sehemu mbili kwa wakati mmoja unaharibika kila sekunde inayopita.

Kwa DRBD, kerneli itakuwa imeandika `Split-Brain detected, dropping connection!` na `drbdadm status` itaonyesha `StandAlone`. Tiba ipo: kuchagua nodi ya kupoteza na kuiunganisha kwa `drbdadm connect --discard-my-data`. Amri hiyo hufanya kama jina lake linavyosema. Ikiwa diski ina bidhaa za kupitishia tu, chagua na uendelee. Ikiwa ina kumbukumbu za vituo zisizopatikana kwingine, na nodi zote mbili zimeandika wakati wa mgawanyiko, usiiendeshe. Vivyo hivyo usiendeshe `fsck` wala `xfs_repair` kabla ya kuwa na nakala ya diski nzima.

Mwite mtaalamu wa hifadhi, ziache nodi zikiwa zimesimama lakini zimewashwa, na mkabidhi mambo matatu: saa mawasiliano yalipokatika kwa mujibu wa logi za pande zote mbili, nodi ipi iliandika nini baada ya hapo, na kila amri iliyoendeshwa tangu wakati huo pamoja na aliyeiendesha. Wapokeaji waelekeze kwa chanzo kingine kwa siku hiyo.